Pumzi ya Maganga

Simu iliita Jumanne asubuhi, namba nisiyoijua, na namba nisizozijua mimi sipokei. Nikaiacha iite mara tatu. Mara ya nne nikapokea bila kutamka neno, nikawa nasikiliza tu, maana tapeli akikosa wa kumjibu hukata mwenyewe. "Zuhura! Si Zuhura huyo?" Ilikuwa sauti ya Mama Kabula, mwenye nyumba wangu wa zamani, sasa bibi kizee, anapiga kelele kwenye simu ya mjukuu wake kana kwamba alitaka nimsikie bila simu. "Maganga ametutoka, mwanangu. Kifua. Tunazika kesho kutwa." Na mimi, Mungu anisamehe, kabla ya shikamoo, kabla ya innalillahi, nikamwuliza namba yangu kaipata kwa nani. Ndivyo nilivyo. Nimefikia umri wa kuitwa bibi, nakaa Itetemia na kuku wangu, na bado nikiletewa zawadi naigeuza juu chini kutafuta kilichofichwa. Zamani nilijisifia tabia hiyo. Nilikuwa nasema mimi sidanganyiki. Siku ile nilikaa kwenye kigoda cha jikoni mpaka chai ikapoa, kwa sababu Maganga ndiye mtu niliyekataa kumwamini siku aliyokuwa akisema kweli, na kutoamini kwangu kulimgharimu mke.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne mwaka ule, na cheti cha uuguzi ambacho wino wake ulikuwa bado unanukia. Kulikuwa na mradi wa kuwasaidia vijana wa vijijini waache tumbaku, nikaajiriwa, nikapelekwa kijiji kimoja mbele ya Lusu, kando ya njia ya zamani ya misafara. Sikitaji jina, wenyewe wanajijua. Mjini walinicheka: kwenda kuachisha watu tumbaku katika nchi ya tumbaku ni sawa na kwenda kuuza chumvi Uvinza. Nilipanga chumba kwa Mama Kabula, mjane mwenye ulimi mwepesi na kikopo cha ugoro ndani ya kanga. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, meza yenye mguu mmoja mfupi, na ukuta wa udongo uliopitisha kila neno kutoka barazani. Jioni majirani walikuja kuota moto na kunijadili. "Huyu katumwa na wanunuzi," alisema mmoja, "tukishaogopa tumbaku yetu wenyewe, bei waipange wao." "Wapi! Katumwa na chama cha wakulima, anatafuta wanaotorosha marobota ya tumbaku." "Na kile kidude chake kinanusa damu, kinajua nani ana ugonjwa." Kisha Mama Kabula, kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kula: "Njia hii tangu enzi za wapagazi kila apitaye ana mizani mkononi. Sijasikia aliyepita akaacha kitu." Nami kitandani, na matobolwa, vile viazi vya kuchemsha na kukausha, mdomoni, badala ya kuumia nilifurahi. Nilijiambia, kumbe hawa ni watu wa aina yangu.

Kidude chenyewe kilikuwa kipimo cha pumzi, ukubwa wake kama kipande cha sabuni. Unachomeka mrija wa karatasi, mtu anavuta hewa, anaibana, anapuliza taratibu mpaka iishe. Kama moshi umo kifuani taa inakuwa nyekundu, kama haumo inakuwa ya kijani. Kilikuja na kijitabu cha Kiingereza cha kurasa nyingi, nami nilisoma ukurasa wa michoro tu, nikaona nimeelewa. Watoto wakanibatiza Dada Pumzi. Kundi langu lilikuwa la vijana kumi na wanane, wa kike watatu, tukikutana Alhamisi kwenye ghala la chama cha wakulima, katikati ya harufu tamu ya majani makavu inayokaa kwenye nywele hata uoge vipi. Nilidhani nitawafundisha madhara. Madhara waliyajua kuliko mimi. Walichonifundisha wao ni kwamba msokoto hauwagharimu kitu, mabaki ya majani yamejaa sakafuni, na kwamba shambani ukivuta njaa inakubali kungoja. Mtu anayelima tangu alfajiri mpaka saa tisa bila kitu tumboni, unamwambia nini kuhusu mapafu? Basi tukaanzia hapo, kwenye njaa. Tulikaanga karanga, tulipika uji mkubwa ghalani, kila mmoja akachagua mwenzake wa kumkimbilia kiu ikimbana. Kila wiki mmoja au wawili walikuwa wakiongezeka upande wa kijani.

Maganga alikuwa wa kwanza. Kijana mrefu wa miaka ishirini na miwili, meno yamepauka kwa moshi, mwepesi wa kucheka hata mambo yanayomhusu. "Dada Zuhura, mimi madaftari yangu yote ya darasa la saba nimeyavuta," aliniambia siku ya kwanza. "Hesabu, Sayansi, mpaka Kiswahili. Elimu yote imeingia kifuani." Lakini sababu yake haikuwa ya kuchekesha. Alimpenda Nyamizi, binti wa Mzee Elia, na Mzee Elia alikuwa mzee wa kanisa, Mmoraviani wa shingo ngumu, aliyekwisha kusema kwamba binti yake haendi kwa mtu anayefuka. Siku tatu za mwanzo Maganga alikuja kwa Mama Kabula mchana wa jua kali, mikono inamtetemeka. "Mkono hauna kazi," alisema, akachukua shoka. Alipasua kuni zote za yule mama, akaanza za jirani. Kwenye mfuko wa shati, pale alipokuwa akiweka misokoto, akajaza michembe, akawa anatafuna vipande vile vikavu vya viazi kama mbuzi. Wiki ya tatu taa ikawa ya kijani. Akaniomba nimpime tena, na tena, apate kuiangalia. Nyamizi alikuwa amesimama mlangoni na beseni la karanga, nami niliona alivyouma mdomo ili asicheke kwa furaha.

Na mimi? Mimi nilimnusa shati. Nasema ukweli. Nilikuwa nikipita kwao bila kuaga, nazunguka nyuma ya nyumba kutafuta vipisi na majivu. Nilimhoji mwenzake aliyemchagua kama polisi anavyohoji. Miezi ikapita, taa ni kijani tu, nami nikawa sina raha, maana mtu asiye na doa hunitia shaka kuliko mwenye nalo. Leo nikijitazama nashangaa: mtu niliyemsaidia kuacha, niliyemnywesha uji kwa mkono wangu, ndiye niliyekuwa nikimvizia. Labda nilitaka nimkamate ili niwe nimejua kabla ya wengine. Kuna watu wanaoona kwamba kuaminishwa jambo ni kushindwa, nami nilikuwa mmoja wao.

Masika yalipokolea, tumbaku ikavunwa, mabani yakaanza kazi. Bani ni kibanda kirefu cha udongo cha kukaushia tumbaku, kisicho na dirisha, majani yananing'inizwa juu kwenye vijiti, na chini moto wa magogo unapita kwenye mabomba. Moto huo hauzimwi siku sita au saba, ukizubaa majani yanaharibika na jasho la mwaka mzima limekwenda. Kazi ya kuchochea ni ya vijana, wanakula pale, wanalala pale, wanatoka macho mekundu na nguo zinanuka moshi. Alhamisi ya kwanza ya msimu huo nilipima watu wangu kumi na wanane, na kumi na mmoja wakawa wekundu. Wote kumi na mmoja kwao kulikuwa na bani. Wale saba waliobaki kijani wazazi wao walilima mpunga na karanga. Jambo lilikuwa wazi mbele yangu, nami nikalisoma kinyume: nikasema bila shaka, wamekaa karibu na majani usiku na mchana, mkono umewaponyoka. Nikaandika "amerudia" mbele ya kila jina. Nilipofika kwa Maganga nilisikia kitu nisichopenda kukikiri, kitu kama ushindi. Mwanamume yule aliitazama taa, akanitazama mimi. "Hicho kimeharibika," akasema. "Wote mnasema hivyo," nikamjibu.

Jumamosi yake asubuhi Mzee Elia akabisha hodi chumbani kwangu. Alikuwa na koti lake la kanisani na chupa ya asali iliyozibwa kwa gunzi. "Mwangaluka, mayo," alinisalimu, akakataa kiti, akasimama karibu na meza yangu ya mguu mfupi. Nilikuwa nimekaa na sahani ya ugali wa muhogo na nsansa, mboga ya majani makavu, nikasimama nayo mkononi. Alisema tangazo la kwanza la ndoa limeshasomwa kanisani, la pili ni kesho, lakini amesikia maneno. "Sikuja kukuuliza mengi. Binti ninaye mmoja. Wewe ndiwe mwenye kipimo. Ameacha, au hajaacha?" Nilikuwa nimekula kiapo cha kutotoa siri ya mtu. Nilikikumbuka vizuri kabisa, hata sauti ya mkufunzi niliikumbuka. Lakini mzee wa watu amesimama mbele yangu ananiuliza kama mjuzi, na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo pale kijijini, walikuwa wakinong'ona juu yangu tu. "Baba," nikasema, "kipimo hakisemi uongo." Akainamisha kichwa. "Wabeja," akasema, yaani asante, akaiacha asali mezani. Asali ile niliila wiki nzima na uji.

Kesho yake tangazo la pili halikusomwa. Mama Kabula alirudi kutoka kwa shoga zake na habari yote: kijana kapimwa, kakutwa, mzee kasimamisha. Maganga alikuja mchana, hakukaa. "Dada, nipime tena." Nikampima mbele ya Mama Kabula. Nyekundu. "Nimetoka kwenye bani sasa hivi," alisema, "nina siku ya tano mule. Nikivuta hewa navuta moshi, nikila ugali nakula moshi. Unaona macho yangu?" Nikamwambia nimeyaona, hata wavutaji macho yao huwa hivyo. "Miezi minane unanijua. Umeninusa shati, nilikuwa nakuona, nikasema acha aninuse. Leo kipi kinakufanya uamini hicho kidude kuliko mimi?" Nikamwambia kwamba kidude hakina mchumba. Mpaka leo nikilikumbuka neno hilo nafumba macho, hata kama niko peke yangu. Maganga alitoa michembe mfukoni, akaitazama kiganjani, akairudisha, akaenda zake kuchochea moto wa baba yake. Nyamizi akapelekwa Ziba kwa shangazi, ambako kulikuwa na posa ya zamani ya mtu wa ng'ombe, na watu wakasema Pasaka ikipita itafungwa ndoa.

Kilichotokea baadaye kilitokea jikoni. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, tukajifungia na Mama Kabula kwenye kijumba cha kupikia, mlango tumeuegesha, kuni mbichi zinatoa moshi mpaka machozi, tunachoma mahindi. Kwa utani akaniambia, "Nipime na mimi basi, nijue kama ugoro nao ni dhambi kwa mashine yako." Nikacheka, nikaenda kukileta. Akapuliza. Nyekundu. "Mimi sivuti, mimi nanusa!" akalalamika. Nilidhani ni ugoro. Nikabadilisha mrija, nikapuliza mwenyewe, mimi ambaye sijawahi kuweka sigara mdomoni tangu nizaliwe. Nyekundu, nyekundu kuliko yake. Hindi langu likaungua nikilitazama. Mama Kabula alikuwa akiendelea kucheka, akisema kumbe Dada Pumzi naye anavuta kwa siri, na mimi nikajilazimisha kucheka naye. Nikarudi chumbani, nikatoa kijitabu cha Kiingereza na kamusi, nikakisoma ukurasa kwa ukurasa mpaka nikalikuta: kipimo hakijui moshi umetoka wapi, mtu asipimwe akiwa ametoka kwenye moto. Mistari miwili tu.

Nilikuwa na miguu. Kwa Mzee Elia ni mwendo wa kutafuna muwa mmoja. Kwa Maganga ni karibu zaidi. Nikafikiri hivi: bosi anakuja mwisho wa mwezi kukagua, nikimwambia kumi na mmoja walioandikwa wamerudia hawakurudia, atauliza na wale kijani ni kijani kweli? Nikafikiri wanakijiji waliosema nimetumwa kuwaharibia watasema si mlimwona. Nikafikiri na hili, ambalo ndilo baya kuliko yote: pengine kipimo kimekosea lakini Maganga naye kavuta, nani ajuaye? Nikaishikilia shaka hiyo kwa mikono miwili. Nikajiambia mashine imepata unyevu wa mvua. Nilingoja. Pasaka ikapita, ndoa ikafungwa Ziba, nikasikia habari zake barazani kupitia ukuta, kwamba wali ulitosha. Mwezi uliofuata, mabani yalipozimwa, niliwapima tena wote waliokuja, wakawa kijani, nikaandika "wameacha tena". Bosi akanisifu. Maganga hakuja kupimwa. Mkataba wangu ulipokwisha nilirudi mjini, nikafanya kazi wodini miaka mingi, na wagonjwa waliniogopa kidogo, wakisema yule sista hadanganyiki.

Alhamisi nikapanda basi kwenda kuzika. Nilimkuta Mama Kabula kwenye mkeka, hana jino hata moja, akanishika mkono asiuachie. "Hakuvuta tena," aliniambia kabla sijamwuliza chochote. "Tangu mwaka ule wako. Nilikuwa namtania kwa ugoro wangu, anakataa. Alioa, mke akatangulia, watoto hawakujaliwa. Mabani ndiyo hakuyaacha, kachochea mpaka mwaka jana." Nikaenda kukaa nyuma ya mabenchi ya wanaume, na nikafanya nilichozoea, nikasikiliza. "Kifua hicho," mmoja alisema. "Sigara si mchezo." "Mbona wanasema aliacha?" "Aliacha wapi! Ndoa yake ya kwanza si ilivunjika hapo hapo kanisani? Alipimwa na wataalamu, akakutwa." Wataalamu. Nilikuwa mimi hao. Jeneza lilikuwa hatua kumi kutoka nilipokaa, na neno langu lilikuwa bado linamla mtu aliyemo.

Mchungaji alipouliza kama kuna mwenye neno la kumuaga marehemu, nikasimama. Nilisema mimi ndiye niliyempima Maganga. Nikasema kipimo kilikuwa kinasoma moshi wa bani, hakikuwa kinasoma sigara, na Maganga alikuwa ameacha kweli, na kosa lilikuwa langu, wala si lake. Kisha mzee mmoja akasema "Eeh," kwa sauti ya kushusha mzigo, na mchungaji akasema kwamba ni wachache wenye moyo wa kukiri kosa mbele za watu. Baada ya mazishi watu walikuja kunipa mkono mmoja mmoja. Hata wale wa kwenye benchi. Nilijisikia mwepesi, nikaona njaa, jambo ambalo sikulitegemea msibani. Nikapewa sahani ya ugali na maharage, nikaenda kukaa kwenye tofali karibu na jiko, nikala kwa hamu.

Mwanamke mmoja aliyekuwa anakusanya vyombo akasimama mbele yangu. Mnene kidogo, kitenge cheusi, mvi zimetokeza chini ya kilemba. Nilimtambua kwa alivyouma mdomo.

"Shikamoo, dada," akasema.

"Marahaba, Nyamizi."

"Nimesikia maneno yako. Asante kwa kumsafisha." Akaweka beseni chini. "Mimi nilijua hajavuta. Nilikuwa nampelekea chakula kule kwenye bani kila mchana, nakaa naye. Baba alikuja kukuuliza wewe, na wewe ukakiuliza kidude. Hakuna aliyeniuliza mimi."

Nikarudisha tonge sahanini.

"Umesema kipimo kilikosea. Sawa. Wewe ulijua lini?"

Ningeweza kusema ni baadaye, mjini, vitabuni. Uongo ulikuwa tayari mdomoni na ulikuwa mzuri. Lakini alikuwa ananitazama kama mimi nilivyozoea kutazama watu.

"Kabla hujaolewa," nikasema.

"Siku ngapi kabla?"

Hakuna siku niliyomwambia mtu yeyote hesabu hiyo, na hakuna mwaka niliowahi kuisahau.

"Kumi na tisa."

Nyamizi akatikisa kichwa taratibu, mara kadhaa. Kisha akainama, akaichukua sahani mapajani mwangu, ugali bado haujaisha, akaiweka kwenye beseni pamoja na vyombo vichafu vya wengine, akaenda nayo kuosha.